Mwanamke Ndani ya Jino

Kisa hiki alinipa Rannvá mwenyewe, Oktoba ya mwaka juzi, wiki ya kuchinja kondoo, tumeinamia beseni moja tukiosha matumbo. Aliniambia, "Bibi, haya sijamwambia mtu yakaisha," kisha akayasema mpaka yakaisha, na maji ya beseni tukayabadilisha mara tatu.

Yalitokea Jumapili moja ya mwezi wa nane, hapa hapa Kvíarnes, kijiji chetu cha kisiwani. Rannvá alikuwa na miaka ishirini na saba, anakata minofu ya samaki kiwandani siku tano za wiki, na siku mbili zilizobaki anamwota Asger. Asger alikuwa mtu wa Denmaki, mtafiti wa mifupa ya kale. Theluji ilipoisha alipiga hema kwenye shamba la majani la mama yake Rannvá, akakaa wiki tano akifukua kaburi la mwanamke wa enzi za Wavikingi ambalo bahari ilishaanza kulimega. Na katika wiki hizo tano akamfukua na Rannvá pia, polepole, kama kwa ile brashi yake ndogo, mpaka siku ya kuondoka wakawa wameshaahidiana ndoa nyuma ya ukuta wa kanisa. Mama yake, Armgarð, hakuambiwa. Lakini Armgarð alikuwa mtu wa kujua mambo na kuyanyamazia, kwa hiyo hakuna aliyejua anajua nini.

Asger akarudi Kopenhageni na taya la yule mwanamke. Simu zikawa kila jioni. Halafu kila baada ya siku mbili. Halafu wiki tatu za kimya, na mwishowe ujumbe mmoja tu: "Nakuja Jumapili na feri ya asubuhi. Usimwambie mama yako."

Rannvá aliusoma mpaka maneno yakapoteza maana. Hakuna "mpenzi". Hakuna "nimekukumbuka". Na mama asiambiwe kwa nini? Mwanamume anayekuja kuchumbia humtafuta mama kwanza. Anayekuja kuvunja ndiye anayejificha.

Kwa hiyo hakwenda kumpokea bandarini. Alimsubiri kwenye banda la kukaushia nyama nyuma ya nyumba, lile la mbao zilizoachiwa mianya upepo upite, akasimama katikati ya mapaja ya kondoo yaliyoning'inia, moyo ukimpiga kama mashine ya kiwandani. Alimwona akipanda njia ya mawe na begi lake begani. Amekonda. Ndevu hajanyoa. Aliingia, akasimama hatua mbili kutoka kwake, na hapo hapo akabaki.

Zamani macho yake yalikuwa yakifika kwenye midomo ya Rannvá kabla ya salamu. Leo yalikwenda kwenye mikono yake.

"Umekonda," alisema Rannvá.

"Silali vizuri."

"Kwa sababu ya nani?"

Hakucheka. "Rannvá, nitakuuliza kitu kimoja. Nijibu kweli, hata kama kweli yenyewe ni mbaya."

"Mimi ndiye wa kuuliza. Wiki tatu, Asger! Hata paka ukimwacha wiki tatu anakuuliza ulikuwa wapi."

"Ulifungua boksi langu?"

"Boksi gani?"

"La sampuli. Siku ya mwisho mvua ilinyesha, hema likavuja, nikalileta hapa bandani kwa sababu pana baridi. Nililiweka pale." Alionyesha rafu kwa kidevu. "Nilimwambia mtu mmoja tu duniani kwamba liko hapa. Wewe."

Rannvá aliitazama rafu, akamtazama yeye. "Kimeibwa nini?"

"Hakijaibwa kitu. Kimeongezwa. Kwenye jino kuna mwanamke."

"Najua kuna mwanamke! Wiki tano nzima ulikuwa unanisomea habari zake."

"Si yule. Mwanamke aliye hai."

Hapo damu ikampanda Rannvá mpaka masikioni. Aha. Kumbe ndiyo habari yenyewe. "Basi si umuulize huyo aliye hai? Yuko hukohuko kwenu, amevaa koti jeupe, ana nywele za dhahabu, anakushikia vichupa. Umepanda feri kuja kuniuliza mimi habari za hawara wako?"

"Mambo yangekuwa mepesi kama unavyofikiri, nisingekuja." Alikaa juu ya kreti, akasugua macho. "Nisikilize. Vinasaba vya mtu aliyekufa miaka elfu moja vimekatikakatika, kama uzi uliooza kwenye sweta la zamani, unapata vipande vidogovidogo tu. Tulivyokuta juu ya jino lile ni virefu, vizima, vibichi. Ni mate. Sisi wote wa maabara tumepimwa, rekodi zetu zipo, kwa ajili ya mambo kama haya. Si wa kwetu hata mmoja. Nikalinganisha na watu wa hapa kijijini mliotoa mate ya kupimwa wakati ule nikichimba."

"Halafu?"

"Kipimo cha kwanza kinaangalia ule urithi ambao mama humwachia mtoto. Umetoka wa kwako, Rannvá. Wote, punje kwa punje."

Upepo ulipita kwenye mianya, nyama zikageuka kidogo juu ya kamba zao.

"Kwa hiyo umevuka bahari," alisema Rannvá taratibu, "kuja kuniambia nimelamba maiti."

"Kamati inakaa Ijumaa. Mfuko niliufunga mimi, boksi nililibeba mimi. Wanasema nimechezea sampuli. Nisipoeleza yale mate yalifikaje pale, kazi basi. Si hii tu. Hakuna maabara itakayonipa hata kijiko nikoroge chai."

"Mimi kazini navaa glovu na kofia ya nywele tangu saa moja asubuhi. Samaki mmoja akidondoka chini naandika ripoti. Nikuharibie jino lako kwa nini? Niambie. Kwa nini?"

Asger aligeuza macho kwenye rafu. Alikuwa na jibu. Rannvá aliliona likimzunguka mdomoni.

"Sema!"

"Ili nirudi." Hakumtazama. "Kazi ikiharibika, ingebidi nije kuchimba upya. Siku ile ulilia. Ulisema ungetoa chochote nisiondoke."

Kuna maneno msichana humwambia mwanamume akiwa amemkumbatia, na hategemei kuyasikia tena yakisomwa kama ushahidi. Rannvá alicheka, kicheko kikavu.

"Haya. Na mimi niseme langu? Mama alikunyima shamba mwaka mzima. Barua tatu ulimwandikia, zote akawashia jiko. Ukaja mwenyewe, ukaanza kunichekea mimi dukani, na wiki ya pili shamba likafunguka. Ukapata taya lako. Sasa unatafuta mlango wa kutokea, na unataka lawama ibaki kwangu."

"Hilo unaliamini?"

"Wewe la kwako unaliamini?"

Walitazamana. Mungu anajua ni nani kati yao angelainika kwanza, maana bado walikuwa wanapendana, ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Lakini Asger alitia mkono mfukoni, na Rannvá akaona kichupa chembamba chenye kijiti cha pamba ndani yake.

"Hicho nini?"

"Cha kuchukulia mate. Nilifikiri, kama ungekataa..."

"Hukuja na ua. Hukuja na hata chokoleti ya kwenye feri. Umekuja na kijiti."

"Ohoo! Bwana Mifupa!" Sauti ilitoka mlangoni, na nyuma ya sauti likaja tumbo, na nyuma ya tumbo akaja mjomba Hanus, kaka yake Armgarð, na nguo za kanisani. "Mnafanya nini humu na kondoo? Njooni mle. Armgarð ameshaweka sahani ya nne."

"Mama anajua yuko hapa?" Rannvá alishtuka.

"Mama yako aliiona feri wakati mchungaji anasoma. Aliniambia, 'Yule kijana amerudi, na hatembei kama mtu mwenye habari njema.'"

Mezani palikuwa na nyama ya kondoo iliyochachishwa na upepo, ile yenye harufu ya kumwamsha aliyezimia, na supu yake, na viazi. Armgarð alimpa Asger mkono bila kumtazama usoni, akasali, akagawa. Rannvá alijiuliza mama yake alikuwa amesikia kiasi gani, maana dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na lilitazamana na banda.

"Anabana pumzi!" Hanus alimwonyesha Asger kwa uma. "Mtazame, Armgarð, anakula huku kaziba pua kwa ndani. Mtu analala na maiti wiki tano shambani, halafu anaogopa kondoo."

"Mwache ale," alisema Armgarð. Alikuwa akimenya kiazi, ngozi ikitoka kipande kimoja kirefu. "Enhe, kijana. Mwenzetu wa shambani kasema nini huko kwenu? Mtu wa wapi?"

"Hajasema kitu, mama. Kuna mtu amemziba mdomo." Na macho yake yakateleza kwa Rannvá.

Rannvá alikiweka kijiko chini kwa kishindo. "Usinisemee kwa pembeni. Sema mbele ya mama. Mama, anasema nimelitia mate jino lake kwa makusudi, ili kazi yake iharibike arudi kwangu. Ijumaa wanamfukuza, na mchawi ni mimi."

Hanus aliacha kutafuna.

"Mate?" aliuliza Armgarð.

"Ya ukoo huu. Wamepima."

"Sijamwambia mtu kwamba ni wewe," alisema Asger. "Nimesema tu..."

"Umeandika?"

Asger alikoroga supu yake.

"Asger. Umeandika jina langu?"

"Nimeandika kwamba kuna mtu ninayemshuku."

"Jina langu limo?"

Alikuwa mtu mkweli, masikini, na siku hiyo ukweli haukumsaidia. "Limo," alisema.

Rannvá alihisi kitu ndani yake kikikaa chini, kama mtu aliyetembea mwendo mrefu na kukuta nyumba imefungwa. Kuhojiwa kwenye banda, wawili tu, angeweza kusamehe. Lakini jina lake lilikuwa limekwenda mbele ya watu asiowajua kabla yeye hajaulizwa.

Armgarð aliweka kiazi kilichomenywa kwenye sahani ya Asger. "Lifute," alisema. "Andika Armgarð."

Alikaa, kisu cha viazi bado mkononi.

"Niliingia bandani kukukatia nyama ya safari. Nikakuta boksi kwenye rafu yangu. Nikalifungua. Banda ni langu, siombi ruhusa. Ndani kuna mfuko, na ndani ya mfuko kuna taya la mwanamke, udongo umemjaa kwenye meno." Alifuta kisu kwa kitambaa, upande huu na upande huu. "Huku kwetu mtu hasafiri akiwa maiti hajaoshwa. Mama yangu nilimwosha mimi. Mume wangu, bahari ilipomrudisha baada ya siku tisa, nilimwosha mimi, na Hanus hakuweza hata kushika taa. Basi nikaleta maji ya vuguvugu na kitambaa, nikamwosha na yeye. Jino la nyuma lilikuwa na doa halitoki. Nikatia mate kwenye kidole gumba, nikalifuta, kama nilivyokuwa nikimfuta huyu mwanangu uso kabla ya kanisa. Nikamrudisha kwenye mfuko wake."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Asger ilikuwa ndogo.

"Hukuuliza. Uliniuliza mawe yalitoka wapi, nani alilima, babu yangu alizikwa upande gani. Hukuniuliza kama nimemwosha."

Rannvá alimkazia mama yake macho, na shaka ambayo ilikuwa upande mmoja wa meza ikahamia upande mwingine. Huyu ni mama ambaye barua za Asger alizitia jikoni. "Mama. Alituambia sote tusimguse bila glovu. Ulikuwepo. Ulijua utaharibu?"

"Nilijua hataki aguswe."

"Sijauliza hilo."

Armgarð alimgeukia binti yake. "Kijana huyu alikaa pale alipokaa sasa," alisema, "akatueleza kwamba wanaume wa kwanza wa visiwa hivi walitoka Norwei, na kwamba wake zao wengi waliwachukua njiani, Uskoti na Ayalandi, wakawapakia melini wakaja nao. Wengine kwa hiari, wengine Mungu ndiye shahidi. Nikakaa na neno hilo. Nikasema, basi huyu wa shambani kwangu alikufa mbali na mama yake. Nani alimwosha? Na sasa anapanda meli nyingine, na mwanamume mwingine, anakwenda kwa watu wengine. Na mwanangu naye ameshaahidiwa nyuma ya ukuta wa kanisa, na mimi sijaambiwa." Alikusanya maganda ya kiazi pembeni ya sahani. "Sikujua mate hubaki. Ningejua, ningetumia maji matupu. Lakini ningemwosha."

Asger aliinama. Kisha, taratibu, kwa aibu, alitoa kile kichupa akakiweka mezani kati ya viazi na chumvi. Wakati ule wa kwanza, kijiji kizima kilipotoa mate, Armgarð peke yake ndiye aliyekataa, kwa hiyo kipimo kilipokutana na urithi wake kilimwona binti tu.

"Lete," alisema Armgarð, akafungua kinywa.

"Miaka sitini namwambia dada yangu afunge mdomo," alisema Hanus, "leo anaufungua kwa mgeni." Lakini aligeuka upande, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

Asger alipomaliza kukifunga kile kijiti, Rannvá alimsogezea simu yake juu ya meza. "Sasa piga."

"Ni Jumapili, Rannvá."

"Jina langu halikupumzika Jumapili. Piga, na tusikie sote."

Alipiga. Bosi wake alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, nyuma yake watoto wakicheza. Asger alisimama wima kama yuko shuleni. Alisema, "Nilimtaja mtu asiyehusika. Naomba jina lake litolewe leo, si Ijumaa. Mate ni ya mwenye shamba, ninayo sampuli, na hakufanya ubaya wowote. Mimi ndiye niliyeacha boksi mahali pasipo na kufuli, na nikaficha hilo. Kosa la kwanza ni langu."

"Nitalitoa leo," ilisema ile sauti. "La boksi utalieleza mbele ya kamati. Na jino ndiyo basi?"

"Jino ndiyo basi. Lakini fuvu bado liko ardhini. Kuna ule mfupa wa ndani ya sikio, ni mgumu kama jiwe, uchafu wa nje hauingii. Tukiupata, tutajua alitoka wapi. Ila mwenye shamba alituruhusu taya tu."

Watu watatu wakamgeukia Armgarð. Yeye alikuwa ameshasimama, anafungua aproni.

"Mwenye shamba anakwenda kulala," alisema. "Jibu mtalipata nikiamka." Alifika mlangoni, akashika mwimo. "Na nikisema ndiyo, ukishamaliza naye unamrudisha hapahapa, mzima, nimalizie nilichoanza."

"Ndiyo, mama."

"Huyu mwingine," alimwonyesha Rannvá kwa kichwa, "siulizwi mimi. Ana mdomo wake."

Ngazi zililia chini ya miguu yake, kitanda kikalia, kisha nyumba ikatulia. Hanus alijinyoosha kwenye benchi la jikoni, akajifunika uso kwa kofia, na kabla vyombo havijatolewa mezani alikuwa anakoroma. Ndivyo Jumapili zetu zilivyo; baada ya supu kijiji kizima hulala, hata mbwa.

Wao wawili walikwenda sebuleni. Kuna makochi mawili mle, yanatazamana. Asger alikaa kwenye moja, Rannvá akabaki amesimama dirishani, mgongo kwake.

"Nisamehe."

"Bado."

"Lini?"

"Sijui. Unataka nikupe na saa?"

Asger alisogea ukingoni mwa kochi. "Kipi kimekuuma zaidi? La jina?"

"La jina limeniuma." Alichora kidole kwenye ukungu wa kioo. "La kwamba nilifanya ili urudi, hilo limenichoma. Kwa sababu nililifikiria."

Alimsikia akigeuka kwenye kochi.

"Jioni ile, baada ya kulia, nilikwenda bandani. Nilisimama mbele ya boksi lako. Nikaweka mkono juu ya kifuniko. Nikasema moyoni, likipotea hili, atakaa hata wiki moja zaidi."

"Ukafanya nini?"

"Nikatoka."

"Nakuamini," alisema Asger.

"Unaniamini, au ni kwa sababu huna kijiti kingine?"

Asger alicheka bila kutaka, kicheko cha mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. Rannvá aligeuka. Hakutaka kutabasamu, akatazama pembeni ili asitabasamu. "Na wewe nijibu langu. Ulinichekea kwa sababu ya shamba?"

Angeweza kusema hapana. Mwanamume mwingine angesema hapana, tena angeapa.

"Siku za kwanza, ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Tatu." Alifikiri. "Labda nne. Ya nne ulinitukana kwa kukanyaga majani ambayo hayajakatwa, na toka hapo sikukumbuka tena kuuliza habari za shamba. Wewe mwenyewe ndiye uliyekwenda kumwomba mama yako."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesahau kwamba ilikuwa hivyo.

"Feri ya mwisho ni saa kumi na mbili," alisema Rannvá. "Mama akiamka utasikia lake. Langu sijui kama litakuwa tayari. Pengine utapanda feri bila jibu."

"Nitapanda feri, nitakuja na nyingine."

"Utakuja. Utaulizwa tena, na utajibu tena. Na siku kitu kingine kikiharibika, maana kitaharibika, nataka kujua utaanza kuandika jina la nani."

"La kwangu," alisema Asger. Alikuwa ameshaegemeza kichwa kwenye mto. "Nitaanza na la kwangu, halafu..." Lakini wiki tatu za kutolala zilimdaka katikati ya neno, mdomo ukabaki wazi, mkono mmoja ukaning'inia mpaka sakafuni.

Rannvá alingoja amalizie. Hakumalizia. Aliuinua mkono ule akamlazia kifuani, akaushika muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akauacha. Hakukaa karibu naye. Alijilaza kwenye kochi la pili, uso kwa uso naye, macho wazi, akimchunga au akimlinda, mwenyewe hakujua ni lipi. Akaanza kuzihesabu pumzi zake, aone kama analala kweli au anajifanya. Ya arobaini hakuifikia; usingizi ulimchukua na yeye.